Ukumbi Ulionyamaza

11 Machi

Kwako Mama Pamba, mke wangu,

Mvua imeanza leo alfajiri, na imeanzia kwenye ile kona ya paa niliyokuahidi kuiziba. Nimeweka sufuria. Kila tone likidondoka namsikia mtu akiniambia, "Si nilisema?"

Mimi si mwandishi, unajua. Darasa la saba na cherehani, basi. Lakini miaka yote uliyokuwa muuguzi kwa Daktari ulikuwa unarudi jioni, unavua viatu, unanisimulia watoto wa siku ile huku unajikanda vidole vya miguu. Sasa mimi ndiye ninayetoka huko na hakuna wa kumsimulia. Nitakuandikia mpaka mvua ziishe, halafu tutaona.

Daktari alikuja nyumbani mwezi mmoja baada ya kukuzika. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua kuwa ni chako, kisha akasema, "Shemeji, ukizoea kukaa na kuta, siku moja zitakujibu. Njoo unishikie mlango pale kliniki." Basi nashika mlango. Naita namba, nafuta matope, nawaelekeza watu chooni. Watoto wakubwa wananiuliza Mama Pamba yuko wapi, aliyekuwa anawapa kipande cha pamba wakishike wakati wa sindano. Nawaambia amepumzika.

14 Machi

Mvua. Watoto wengi, vikohozi vingi. Nimekula viazi vya jana.

19 Machi

Ulinisimulia kazi ya Daktari mara nyingi, lakini kusikia si kuona. Leo nimemtazama vizuri.

Asubuhi hafungui chumba chake kwanza. Anachukua kikombe cha chai, anapita ukumbini polepole kama mtu asiye na kazi. Watoto wako sakafuni na yale makopo na vifuniko na mipira ya matambara uliyoishona wewe. Wanagombana, wanalia, wanatambaa. Hasalimii mtu mzima hata mmoja. Anapita, anakunywa, anatazama. Kisha ananinong'oneza, "Yule wa shati la kijani, kwanza." Wa shati la kijani alikuwa wa mwisho kufika.

Watu wakawaka. Baba mmoja akasema wao wamefika kungali giza, na mtoto wake analia mpaka anataka kupasuka. Daktari akamjibu kwa upole, "Analia kwa sababu ana pumzi ya kulia, baba. Mshukuru Mungu. Mimi namwogopa aliyenyamaza." Wa shati la kijani alikuwa na nimonia ya mapafu yote mawili.

Ndani anakaa mkekani. Hamgusi mtoto kabla mtoto hajamgusa yeye. Anampima kwanza mwanasesere, au kiatu, au chochote alichokishika. Masikio na koo huviacha mwisho, maana baada ya hapo urafiki umekwisha. Sindano ikibidi, anasema, "Itauma. Kidogo, halafu itaacha." Hadanganyi. Na kila mama, baada ya kueleza homa na choo na usingizi, anamuuliza swali lilelile: "Na wewe mwenyewe, unaogopa nini?" Wengine hulia hapo hapo. Ameniambia katika kazi yake yote jibu la swali hilo limemwokolea watoto wengi kuliko kipimo chochote.

27 Machi

Mwenye kliniki, yule mzee uliyempenda, bado yu kitandani na upande mmoja wa mwili umelala. Mwanawe ameshika usukani. Wafanyakazi wameshampa jina: Bwana Mdogo. Marashi yake yanafika kabla yake na yanabaki baada yake. Leo mtoto mmoja wa miaka mitatu alimkimbilia akampa mkono, mkono wenye makamasi, sikatai. Bwana Mdogo akaupokea akicheka mbele ya wazazi. Alipopita mlangoni kwangu akajifuta kwenye pazia. Pazia nililolishona mimi, ukanishikia kitambaa wewe.

Nililifua jioni, mara mbili.

Wagonjwa sasa tunatakiwa tuwaite wateja.

4 Aprili

Wameleta televisheni. Kubwa kama mlango, imepigiliwa ukutani ukumbini. Makopo na vifuniko vimetiwa kwenye gunia, mipira yako pia, vikatupwa kwa maelezo kwamba ni uchafu. Nilichelewa kuliona gunia. Nisamehe.

Sakafu imewekwa viti vya plastiki vyenye rangi, vimepangwa mistari kama darasani. Katuni zinaanza mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Na kweli, ukumbi umenyamaza. Dada wa mapokezi, tunayemwita Bi Tabasamu kwa kuwa amefundishwa kutabasamu hata akipiga chafya, alisema, "Mzee, hujafurahi? Hata masikio yanapumzika." Bwana Mdogo alisimama katikati, mikono mfukoni, akasema hivi ndivyo mahali pa kisasa panavyokuwa.

Daktari alipita na kikombe chake. Alifika mwisho wa ukumbi, akarudi, akapita tena. Chai ilipoa. Aliniambia, "Shemeji, siwaoni." Nikafikiri anazungumzia miwani.

9 Aprili

Mvua kubwa. Ukumbi kimya. Nachukia wimbo wa ile katuni ya bata.

16 Aprili

Agizo jipya: hakuna mtoto kuondoka mikono mitupu. Kila mmoja atoke na chupa, angalau mbili. Vijana wawili walioajiriwa chumba cha pili wanaandika dawa kama wanaogawa peremende. Mafua, chupa. Kuwashwa, chupa. Mtoto aliyeletwa kusindikiza ndugu yake, naye chupa. Siku hizi nikiona ile dawa nyekundu inavyonata kwenye midomo ya watoto, natazama kando.

Daktari leo amewarudisha nyumbani watoto saba na maneno matupu: wapeni maji, laleni nao, mkiona hivi na hivi rudini. Mama mmoja alitoka ananung'unika kwamba ametoka mbali kuja kupewa hadithi. Bwana Mdogo akamwita Daktari ofisini. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa napangusa ngazi. Alimwambia kupitapita kwake ukumbini asubuhi kunaleta picha mbaya, eti wateja wanaona daktari anazurura na kikombe. Akamwita "mama" katika kila sentensi. Daktari akajibu kwamba pale anapozurura ndipo anapofanya kazi, chumbani anamalizia tu.

Amekatazwa kupita. Mtu aliyetibu watoto tangu huyo Bwana Mdogo akinyonya, na aliyemtibu yeye mwenyewe surua, amekatazwa kutembea.

20 Aprili

Sijisikii kuandika. Ningekuwa na wewe, tungewasema mpaka usingizi utuchukue.

26 Aprili

Nimerudi nimelowa. Nitaandika taratibu.

Leo palikuwa na wageni, watu wa kampuni ya kuuza dawa. Bwana Mdogo aliandaa keki na soda chumba cha juu, na madaktari wote wakaamriwa wapande. Mimi nilipewa mwavuli niwapokee wageni kwenye magari, maana mvua ilikuwa inamwagika kama imefunguliwa koki. Nilikuwa nje karibu wakati wote huo.

Katika kupanda na kushuka kwangu aliingia yule mama muuza mkaa wa nyuma ya soko, amembeba binti yake mgongoni, kamfunika nailoni. Mtoto ana miaka miwili. Mama yake anamwita Chiriku kwa sababu, anasema, huyo tangu ajue neno la kwanza hajafunga mdomo. Alimweleza Bi Tabasamu kwamba mtoto anaharisha na kutapika tangu juzi. Bi Tabasamu akatabasamu, akampa namba, akamwonyesha kiti. Chiriku akakaa kwenye kiti cha manjano, macho kwenye televisheni, mikono mapajani. Bi Tabasamu alimsifu. "Mtoto mwenye adabu huyo." Mama akashukuru.

Kulikuwa na watoto kama ishirini, wote wameketi mistari, wote macho mbele, vinywa wazi. Mama Pamba, hebu niambie ni nani angejua.

Nilikuwa nimeingia kukung'uta mwavuli Daktari aliposhuka ngazi. Alikuwa amewaambia wakubwa anakwenda msalani. Choo kiko juu kulekule, na hapo nikajua anakwenda kuiba matembezi yake. Hakuwa na kikombe. Alifika ukumbini, akasimama, akawatazama wale watoto waliopangwa kama chupa rafuni. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikwenda akasimama mbele ya televisheni, akaiziba kwa mwili wake.

Watoto wote wakainamisha vichwa, huku kushoto, huku kulia, kumkwepa waone bata wao. Mmoja akafoka, "Bibi, toka!" Kwenye kiti cha manjano kichwa hakikuinama. Macho yalibaki palepale, yanaitazama sketi ya Daktari kama bado ni katuni. Nzi alikuwa ametua pembeni mwa jicho, anatembea, na jicho halikupepesa.

"Shemeji, zima hilo dude. Na ufunge mlango."

Alikuwa ameshambeba. Nilizima, na ukumbi mzima ukaangua kilio kwa pamoja, isipokuwa yeye. Daktari alimlaza mkekani chumbani mwake, akamfinya ngozi ya tumbo, na ile ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mikono ilikuwa baridi mpaka viwikoni. Alitafuta mshipa mkononi, mguuni, kichwani. Yote ilikuwa imejificha. Hakutafuta tena. Akachukua sindano nene, akamwambia mama, "Nitaichoma kwenye mfupa wa muundi. Ni jambo baya kuliangalia, lakini maji yatafika. Mshike kichwa, umwite jina." Halafu akamwambia na Chiriku, ingawa hakuwa anasikia: "Itauma, mama. Kidogo, halafu itaacha."

Mama alimwita. Chiriku, Chiriku, Chiriku. Mimi nilishika chupa ya maji juu, mkono ukafa ganzi.

Na hapo mlango ulifunguliwa, wakaingia kutazama. Mmoja wa wageni alikuwa na sahani mkononi, anatafuna, krimu imemganda kwenye masharubu. Aliuliza, "Amefanyaje huyo?" huku anakata kipande kingine. Bwana Mdogo alikuwa ametoa simu anapiga picha za video. Mama Pamba, nimeosha vidonda vya baba yangu, nimekuosha wewe siku zako za mwisho, sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona pale kwenye masharubu yale.

Chupa ya kwanza iliisha, ya pili ikafika nusu. Tukasikia sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Chiriku alikuwa analia. Hakukuwa na machozi, sauti tu. Daktari aliegemea ukuta, akafunga macho.

"Haya, tukana, mama," alisema. "Tutukane wote. Tumestahili."

28 Aprili

Chiriku amekunywa uji. Amemng'ata muuguzi.

3 Mei

Bwana Mdogo amewakusanya wafanyakazi akasema tukio lile limeonyesha ubora wa mfumo wetu. Mfumo wetu! Alimvisha Daktari kilemba cha ukoka mbele ya watu wote, akapiga makofi, nasi tukapiga. Kisha akasema litatengenezwa bango kubwa la getini, Daktari na yule mtoto, ukumbi wa kisasa nyuma yao. Daktari akasema hapana, akaenda kuona wagonjwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuongeza kwamba kibaya kitajitembeza kimemkumbatia chema.

6 Mei

Daktari amekubali.

Nilisikia kwa Bi Tabasamu na sikuamini. Nilipomwona Daktari mwenyewe sikumsalimia. Nilimfungulia mlango nikatazama dari. Wewe ulimheshimu mwanamke huyu kuliko dada zako, nami nikajiambia kumbe hata yeye ana bei, ilikuwa tu haijatajwa.

Jioni alikuja akakaa kwenye ngazi, karibu na ndoo yangu. Hakungoja niulize. Amekubali kupigwa picha kwa sharti kwamba televisheni itolewe ukumbini na watoto warudishiwe sakafu, na yeye matembezi yake.

"Shemeji, nilipoanza kazi hospitali kubwa, watoto wawili kitanda kimoja, oksijeni ilikuwa inafungiwa stoo. Mwenye ufunguo alikuwa mlevi. Nilimpigia magoti yule bwana, mbele ya wauguzi, na kesho yake nikampigia tena. Uso wangu huu ulishauzwa zamani. Ukumbi ule ndio siwezi kuuza."

Nilimwambia bado ni karaha. Akasema ndiyo, ni karaha, na akaniomba nimsogezee ndoo atoe matope kwenye viatu.

Nimekaa nikikufikiria, maana ulikuwa unajua haya yote na hukunisimulia hata siku moja.

8 Mei

Picha imepigwa. Chiriku amevalishwa gauni la kuazima. Amepona kabisa, kwa hiyo alilia mwanzo mpaka mwisho, akamnyang'anya Daktari miwani, akaitupa. Mpiga picha alitaka apewe peremende anyamaze. Daktari akasema, "Mwache. Hiyo sauti nimeitafuta sana." Mama muuza mkaa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Aliniuliza kama picha ikitoka atapewa moja ndogo ya ukutani, maana mtoto wake hajawahi kupigwa picha. Nikamwambia nitamwombea.

Televisheni imeshushwa mchana huohuo. Imepandishwa ofisini kwa Bwana Mdogo.

13 Mei

Kelele. Kelele tupu. Nimeokota vifuniko barabarani, nimeshona mipira mitatu, si mizuri kama yako. Mmoja umenigonga kichwani. Daktari alipita na kikombe na kumaliza chai ikiwa moto. Kabla ya saa nne alikuwa ameshaniambia niite watoto wawili, akawapeleka vitandani.

21 Mei

Bango limetundikwa.

Nilifika mapema, mvua nyepesi, nikaliona toka ng'ambo ya barabara. Daktari yuko pale, wamemwondolea mikunjo usoni, anafanana na binti yake kama angekuwa naye. Mapajani pake amekaa mtoto mnene, mashavu yanang'aa, anacheka na meno manne. Gauni lilelile. Mtoto mwingine. Chini wameandika: Kwetu kila mtoto anaonekana.

Nilifikiri macho yangu ndiyo yamezeeka. Bi Tabasamu alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. Alisema kwa sauti ndogo, "Wamesema yule alikuwa analia, Mzee. Na mwembamba. Anatisha wateja." Kichwa cha huyo mwingine wamekitoa kwenye kompyuta. Hakuna anayejua ni mtoto wa nani.

Mama muuza mkaa alikuja mwenyewe, kaambiwa na watu wa sokoni kuwa mwanawe yuko getini. Alikuja amevaa nguo safi, Chiriku mgongoni anapiga domo. Alisimama chini ya bango muda mrefu. Akaniuliza, "Mzee, wangu yuko wapi?"

Nilitazama matone yanavyoteremka kwenye lile shavu la kigeni. Kisha nilikwenda nyuma ya ukuta asinione uso.

Nilipoingia ndani mafundi walikuwa wanatoboa ukuta wa ukumbi. Televisheni mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Watoto wamebanwa kona moja, wamezibwa masikio kwa viganja vya mama zao. Daktari aliwaona mafundi, akaliona bango, akaingia chumbani. Aliona wagonjwa wote wa siku ile mpaka wa mwisho, hakuharakisha hata mmoja. Mama wa mwisho nilimsikia akiulizwa anaogopa nini.

Kisha alipanda, akakutana na Bwana Mdogo ngazini. Mimi nilikuwa chini na fagio.

"Nilikuuzia uso wangu," alimwambia. "Mgonjwa wangu sikukuuzia."

"Mama, lakini hiyo ni picha tu."

"Na siku ile, mwanangu, alikuwa amekaa kimya tu."

Aliteremka, akachukua mkeka wake na kile kikombe, akaniambia kwaheri kama siku zote. Bwana Mdogo alibaki palepale, akaniona namtazama. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, kazi yangu ipo, na nitapewa sare. Nilisimamisha fagio ukutani. Nilimwambia asante, mimi ni fundi cherehani, sare naweza kujishonea.

2 Juni

Mvua zimekatika. Sufuria imekauka siku kadhaa, na leo nimepanda juu nikaziba ile kona. Sasa, ndiyo, baada ya mvua. Cheka tu.

Nimepita zahanati ya umma iliyo nyuma ya soko. Mganga mkuu wa pale alikuwa mwanafunzi wa Daktari, amempa chumba ambacho dirisha lake halifungi. Ukumbi hauna kiti hata kimoja. Ni korido ya saruji, na watoto wamejaa chini wanapiga yowe, mmoja anamvuta mwenzake nywele, mmoja amevaa ndoo kichwani. Daktari anapita katikati yao na chai yake, polepole, hasalimii mtu mzima. Hata mimi hakunisalimia. Nilikaa ukutani nikafurahi kutosalimiwa.

Getini kwa Bwana Mdogo bango bado lipo, na watu ni wengi kuliko zamani. Huo ndio ukweli, na sijui niufanye nini. Nikipita pale natema mate, halafu naona aibu, kwa kuwa ni njia ya watu.

Mama muuza mkaa alinisimamisha leo asubuhi. Hakuomba picha tena. Alisema, "Mzee, wewe ulikuwepo. Watu wakikuuliza yule wa kwenye bango ni nani, waambie si yeye aliyetibiwa. Waambie alikuwa Chiriku wangu, na alikuwa analia." Nimemwahidi, na kwa kuwa kumbukumbu yangu si ya kutegemewa, nimekuandikia na wewe.

Nami nina langu moja, Mama Pamba, halafu nifunge daftari nilale. Huko uliko, nikumbuke.